Nani Anaanza Kuongea

Leo nimefundisha ndoa mbele za watu, na mimi na mume wangu hatujaongea tangu tuanike kahawa, wiki nzima sasa.

Ndiyo, mimi huyu huyu.

Baada ya ibada hapa kigangoni kwetu Mbuji, katekista akatuita mbele, mimi na Baba Neema, tuwape neno wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa. Kanisani sisi ni mfano. Tunakaa benchi moja, komunyo tunapokea tumefuatana. Nani angejua?

Baba Neema akaongea vizuri mno. Kusali pamoja, kusameheana. Nikawa namsikiliza kama mgeni. Jamani, kumbe sauti yake bado naipenda!

Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamooni. Mkikosana, nani anaanza kuongea?"

Baba Neema akaangalia viatu vyake.

"Mama Neema atajibu."

Nikajibu, "Anaanza anayempenda mwenzake zaidi."

Wakapiga makofi. Hadi vigelegele.

Tumerudi kwa njia ya mashambani, yeye mbele, mimi nyuma, natazama mgongo wake mpaka nyumbani.

Hakuna aliyeanza.

Naandika nikiwa jikoni. Yeye yuko sebuleni, namsikia anakohoa.

Kwenu nani anaanza?