Silinda ya Tatu katika Pikapu ya Mzee Mabula

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya serikali mjini Mwanza, Fundi Mkuu alinipa ovaroli yake mwenyewe, kwa sababu stoo hapakuwa na ya kumtosha msichana. Alinikunjia mikono ya ovaroli mpaka vidole vyangu vikaonekana, kisha akanipeleka uani penye lori lililokuwa likitetemeka kama mgonjwa wa homa. Fundi huyo jina lake Mabula. Mafundi wengine walinitazama kama mtu aliyepotea njia. Yeye aliniuliza kama nimekunywa chai.

"Hii injini inamisi," aliniambia. "Silinda moja haichomi mafuta. Nyingine zinaikokota, kama maksai wanaolima na mwenzao anayechechemea. Kazi yako ni kumjua anayechechemea. Usifungue kitu kabla hujamjua."

Vijana wa leo wana vifaa vya kompyuta vinavyowaambia kosa liko wapi, na ni jambo jema. Sisi tulichomoa waya wa plagi, mmoja baada ya mwingine, injini ikiwa inaunguruma. Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini inalegea na kulalamika. Ukichomoa wa silinda iliyokufa, hakibadiliki chochote, kwa kuwa huwezi kumnyima chakula asiyekula.

Nilihamishiwa Magu, chini ya Msimamizi wa Magari aliyekagua sakafu kabla ya kukagua injini. Baadaye nilipelekwa Musoma, ambako Mkuu wa Karakana alinipima muda mrefu kwa macho kabla hajanikabidhi gari la wagonjwa. Niliporudi Mwanza, Mzee Mabula alikuwa anastaafu, na nafasi yake nikapewa mimi. Siku ya kuniachia ofisi hakutoa hotuba. Alinionyesha dirisha lisilofungika vizuri na namna ya kulibana, akaenda zake Bujora kulima.

Nami nimestaafu sasa. Ninaishi Kisesa, nina bustani ya mchicha na nyanya, na majirani huniletea pikipiki zao. Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakatika, mke wa Mzee Mabula alinipigia simu. Tunamwita Mama Sayi. Alipata kiharusi, na kila wiki hupelekwa mjini kufanyishwa mazoezi ya mguu. Hawezi kupanda magari ya abiria. Kiti cha mbele cha pikapu yao ya zamani ndicho anachokimudu.

"Kabula, njoo umwone mzee wako," alisema. "Gari linamisi, kliniki nimeshaikosa, na yeye haongei na mtu."

Nilifika asubuhi. Mzee alikuwa ameinamia injini, amenipa mgongo.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Nikarudia, sauti juu kidogo. Kimya. Nilipomgusa bega alishtuka, akageuka, akaona ni mimi.

"Marahaba, mwanangu."

Juu ya gunia palikuwa na plagi za zamani. Alikuwa ameweka mpya zote, amefungua na kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, na gari bado lilichechemea. Yule aliyenikataza kufungua kabla sijajua alikuwa anafungua tu, kimoja baada ya kingine.

Nilisimama mbele yake, aone mdomo wangu. "Ni silinda ipi, mzee?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Siisikii, Kabula. Inaunguruma mbali, kama iko ng'ambo ya ziwa. Mama hajui."

Niliwasha gari, nikachukua mkono wake nikauweka juu ya mfuniko wa injini, kitambaa kikiwa chini ya kiganja. Kisha nikachukua koleo la mpini wa mpira na kuchomoa waya wa kwanza. Injini ikalegea. Nikaurudisha. Wa pili, ikalegea tena. Nilipochomoa wa tatu, mtetemo ulibaki vilevile. Kabla sijamtazama, alikuwa ameinua kidole.

"Hiyo," alisema.

Tulizima. Plagi ya tatu tukaipeleka silinda ya pili, na ya pili tukaileta ya tatu. Tulipowasha, ya tatu bado ilikuwa imekufa, kwa hiyo plagi haikuwa na kosa. Tukabadilishana waya. Safari hii ya tatu ikafufuka na ya pili ikafa. Kosa lilikuwa limehama pamoja na waya. Mzee aliugeuza kwenye mwanga: mpira wake ulikuwa umeungua pale ulipolalia bomba la moshi, na cheche ilikuwa inatorokea hapo. Nilikuwa na waya mwingine kwenye mfuko wangu wa vifaa. Nilimpa, akaufunga mwenyewe, mbali na bomba.

Injini ilitulia. Aliacha mkono wake juu yake, amefumba macho.

Mama Sayi alikuwa ametoka na mkongojo wake. Mzee alizima gari, akamwendea.

"Mama Sayi, masikio yangu yamekwisha."

"Najua," mkewe alimjibu, akimsogelea sikioni. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Mzee aliuangalia ufunguo, akaja kuuweka mkononi mwangu. "Barabara kuu ina malori. Sitasikia honi. Mpeleke wewe."

Watu huniuliza kama kustaafu kunanichosha. Nawaambia kuwa siku za kliniki mimi ni dereva. Mama Sayi anakaa dirishani, mzee katikati, kiganja chake kwenye dashibodi. Juzi tulipokuwa tunapita Igoma mzee alinigusa mkono.

"Punguza gia."

Mama Sayi alimvuta sikio. "Mwache mtoto aendeshe."

"Unasemaje?"

"Nasema mazoezi yamenisaidia. Leo nimevaa kiatu mwenyewe."

Mzee aliinama kukitazama kile kiatu. Akauondoa mkono kwenye dashibodi, akamshika mkewe mkono, wala hakuniambia tena habari za gia mpaka tulipofika.