Sifuri Saba za Baba Watoto

Mume wangu alianza kufua suruali zake mwenyewe. Miaka thelathini na moja ya ndoa hajagusa beseni, leo anajifungia bafuni, redio juu. Nikajua kuna mwanamke. Nikanusa mashati, nikapekua mifuko, sikupata kitu.

Wakati huo binti yetu, muuguzi wa wodi ya upasuaji, alichaguliwa kusomea uchunguzi wa wagonjwa wa tezi dume. Jumapili akaja na fomu ya maswali saba, kila jibu na alama zake kuanzia sifuri hadi tano, afanyie mazoezi kwa baba yake. Mimi nilikuwa pale kwenye kochi nakunja nguo.

"Baba, mwezi huu mkojo umekukatika katikati mara ngapi?"

"Haujakatika."

"Na usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

"Mimi nalala kama gogo."

Gogo hilo huniruka kitandani mara nne kila usiku, nami nilidhani linakwenda kupiga simu. Nikaendelea kukunja nguo, nione mwisho wake.

Binti akaandika sifuri saba. Kesho yake mkufunzi wao, nesi wa siku nyingi asiye na utani, akamrudishia fomu.

"Mzee wa miaka sitini na minne, sifuri tupu? Nani mwingine alikuwa chumbani?"

"Mama tu."

"Mama tu! Huyo mzee hujamuuliza bado. Rudi, mkae wawili, na karatasi uitoe mwishoni."

Jioni binti akaja tena, akanisimulia hayo, kisha akaniambia nitoke.

"Nitoke niende wapi, kwangu?"

"Jikoni, mama. Na mlango naufunga."

Nilifagia korido ile mpaka ikang'aa. Dakika arobaini. Maneno sikuyapata, ila sauti ya mume wangu ilishuka, ikakatika, ikaanza tena. Mlango ulipofunguliwa, fomu ilikuwa na jumla ya alama ishirini na mbili, naye amekubali kwenda hospitali asubuhi.

Wiki tatu za vipimo sikula vizuri. Neno saratani halikunitoka kichwani. Daktari akasema tezi imekua tu, ndiyo inayomvujishia mkojo kwenye suruali, saratani hakuna, akamwandikia vidonge.

Nikamshika binti pembeni. "Alikuambia nini siku ile?"

"Ya mgonjwa ni siri, mama."

"Mgonjwa wako ni mume wangu."

"Basi muulize mumeo."

Nikamuuliza. Akasema walikuwa wanaongea habari za mpira. Binti yangu hajui hata timu moja.