Oili Safi, Injini Iliyokufa

Asubuhi kumepambazuka kwa baridi huko Kabiria. Katika uwanja wa malori, Kavutha Masila anachomoa kijiti cha kupimia oili na kudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Tone linatanuka polepole na kuacha katikati doa jeusi, zito.

"Hii imechoka," anasema. "Leo hili lori halitoki."

"Daktari wa damu ameamka vibaya!" dereva mmoja anamtania kutoka kibanda cha chai, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mama Yvonne, yangu nayo utasema iko na presha?"

Wenzake wanacheka. Kavutha hacheki.

Yeye ndiye mpimaji wa oili katika kampuni moja ya kusambaza saruji. Zamani oili ilimwagwa kwa kufuata tarehe, iwe nzima au imeharibika. Siku hizi iliyo nzima huendelea kutumika, na yenye maji au vumbi la chuma hufichua ugonjwa wa injini ungali mdogo. Gharama za matengenezo zimepungua karibu kwa theluthi.

Hata hivyo, kipimo hicho kina adui. Lori likizuiwa, dereva hukosa posho ya safari, shilingi elfu moja na mia mbili. Kwa hiyo wapo ambao, kabla Kavutha hajafika, humwaga sehemu ya oili iliyochoka na kujazia mpya. Tone hutoka safi, ugonjwa hubaki.

Mwezi uliopita lori la dereva mmoja, Njuguna, lilipimwa, likaonekana zima. Wiki hiyo hiyo injini yake ilikufa kwenye barabara ya Waiyaki, karibu na Kangemi.

Mwenye kampuni, Mzee Mungai, alimwita Kavutha. "Si wewe uliniambia iko sawa? Sasa hii kupima yako inanisaidia nini?" Alimwonya kwamba injini nyingine ikifa, upimaji utakoma, naye atafute kazi kwingine.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Njuguna alimjia. "Dada, niliongeza oili mpya. Mtoto alikuwa ametumwa nyumbani juu ya karo."

Kavutha hakumshtaki kwa Mzee Mungai. Huruma ni jambo jema, lakini chuma hakijui huruma, na ukimya wa Kavutha umewaacha wengine waendelee kudanganya.

Sasa anataka oili ichukuliwe langoni, lori likirudi safari, kabla dereva hajashuka. Tena anataka dereva ambaye lori lake limezuiwa alipwe posho yake vivyo hivyo. "Posho ya siku moja na injini mpya, gani ni ghali?" anauliza.

Kesho atampelekea Mzee Mungai ombi hilo. Njuguna amekubali kufuatana naye na kueleza mwenyewe alichofanya, ingawa huenda wote wawili wakatoka ofisini mwake bila kazi.

"Akinifuta, anifute," asema Kavutha akijipangusa mikono. "Lakini kwanza asikie ni kwa nini oili ilikuwa safi."