Kikombe cha Mama Kavira

Harufu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi inayochachuka polepole mtungini, bado hunifanya niangalie midomo ya watu. Kwetu Masisi, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Asiyeonja ana lake moyoni. Msimu ule wa kuvuna maharagwe, Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo aliyefungua duka chini ya kilima chetu, alimmiminia Papa, baba yangu, kikombe, akaitwa na mteja wa sabuni, akasahau kuonja. Papa akanywa. Kabla mavuno hayajaisha, miguu yake ilikuwa imevimba kama shina la mgomba, na kupanda hadi shambani kulimkata pumzi. Alikuwa bado kijana. Hakuna aliyefikiria moyo. "Karuho," alinong'ona bibi yangu, akitaja sumu inayoogopwa kwetu kuliko bunduki. "Kikulacho ki nguoni mwako." Akamnywesha majani machungu ili aitapike, na kila alipotapika alizidi kudhoofu.

Mama yangu ndiye aliyekataa kungoja kilio. Wanaume walimbeba Papa kwa machela, wakashuka naye katika ukungu na utelezi hadi hospitali, ambako daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akasema moyo ni mgonjwa: vidonge kila asubuhi maisha yote, chumvi kidogo, pombe basi. "Papa, ukivimeza, utazeeka," alisema. Sikumwamini. Naye hakuwa ameonja kitu.

Mvua zikakata barabara, vidonge vikaisha, Papa akaanza tena kulala ameketi. Lori moja tu lilithubutu kwenda Goma, la Mama Kavira. Alirudi na dawa, matope hadi magotini. Bibi akamzuia mlangoni.

"Unakuja kumaliza kazi yako?"

"Mama, kama nilitaka kumuua, ningeacha tu barabara imuue."

Papa alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavitazama vidonge, akamtazama yule mama usoni, nami nikauona mkono wake ukisita. Mama Kavira akachota maji. "Dawa yako siwezi kuonja, kaka. Lakini maji njo haya, naonja." Akanywa nusu, polepole, akampa yaliyobaki. Papa akameza.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, akisisitiza kwamba sumu ile inachelewa tu. Papa ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza lake. Leo kichwa chake ni cheupe, maharagwe yake hayana chumvi, na bado hupanda kilima kwa miguu yake, akipumzika anapotaka, si anapolazimika. Mwezi uliopita nilitoka Goma, ninakoandikia vitabu vyangu, kwenda kumsalimu. Nilimkuta Mama Kavira, mgongo umepinda, akimchotea maji ya kumezea dawa. Akainua kikombe anywe kwanza.

"Dada, acha basi," Papa alimwambia. "Tumezeeka."

"Siachi. Mutoto wako angali ananiangalia."

Papa akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja Mama Kavira ameze.