Dada wa Nabii na Vidonge vya Mama Furaha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mijakaranda inapochanua Johannesburg na barabara zikawa zambarau, hadi mtu anajihisi anatembea juu ya mawingu. Nakuita mwanangu ingawa nina miaka ishirini na tisa tu. Ndivyo tulivyozoea katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa: anayekabidhi kazi humwita mwana yule anayeipokea. Jumapili utaipokea wewe. Barua hii nimeiandika mara sita na kuichana mara tano, basi isome hivi ilivyo.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nalinda geti la mzee mmoja Myahudi kule mtaa wa Observatory, na siku za mapumziko nilitembelea wagonjwa wetu. Sikusoma chuo chochote cha Biblia. Nilijifunza mwenyewe katika kibanda cha geti, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, niliogopa mno kukosea. Ndiyo maana nikatengeneza daftari. Katika kila hadithi ya kale ya Wayahudi yenye ugonjwa niliuandika ugonjwa upande wa kushoto, na kulia nikaandika kosa lililouleta. Dada wa nabii: ukoma, alimsema ndugu yake vibaya. Mfalme: ukoma kwenye paji la uso, alishika chetezo kisicho chake. Mistari yote niliipiga kwa rula. Nililipenda daftari lile kuliko nilivyowapenda wagonjwa, Mungu anisamehe.

Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, alikuwa amelala mgonjwa mtaa wa Joubert Park, katika chumba kilichogawanywa kwa mapazia. Alikuwa na kifua kikuu, na kliniki walimpa vidonge vya kumeza kila siku. Mwanga ulipenya pazia la kijani, na chumba kizima kilionekana kama kimezama majini. Nikasimama kichwani pake.

"Karibu, kijana wa daftari," akasema. "Umekuja kuniombea au kunisahihisha?"

Nikacheka, kisha nikamsahihisha. Nilimwambia ugonjwa huwa na mlango ulioingilia, atafute kosa lake na kulitubu kwanza. Aligeuza macho akatazama pazia, nami nikadhani anatafakari.

Siku ya tano, nikiwa getini, binti yake alinipigia simu akilia.

"Yaya, kaka yangu, mama ameacha vidonge. Hali chakula, hamezi kitu. Anasema mpaka alikumbuke kosa lake. Amekumbuka mengi, lakini kila moja anasema silo."

Mzee alinikuta nimekaa chini, simu mkononi. Nikamweleza yote, nikampa daftari. Alilisoma polepole, maua ya zambarau yakidondokea kurasa, naye akiyapuliza moja moja.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Lakini hii ya dada wa nabii, mbona umeiachia njiani?"

"Imeishia hapo, Mzee. Amepata ukoma."

"Wewe ndiye umeishia hapo. Ndugu yake aliyesemwa vibaya alifanya nini?"

Nilikuwa najua, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. "Alimlilia Mungu amponye," nikasema.

"Kwa maneno matano tu ya Kiebrania. Hakumhubiria dada yake hata neno moja. Na watu wote, kule jangwani?"

"Walimsubiri. Siku saba."

"Hawakusafiri mpaka alipoletwa ndani ya kambi. Taifa zima limekaa, linamsubiri mgonjwa mmoja." Akanirudishia daftari. "Na kwa huyo mama ulikaa wapi?"

"Nilisimama. Kichwani pake."

"Eish! Wazee wetu walifundisha kwamba Mungu yuko juu ya mto anaolalia mgonjwa, ndiyo maana anayemtembelea hukaa chini. Wewe ulisimama mahali pa Mungu." Akavuta kiti changu cha plastiki. "Nenda. Geti nitalilinda mimi, nione mwizi gani ataniogopa."

Sikumbuki nilivyofika Joubert Park. Nakumbuka sakafu tu, jinsi ilivyokuwa baridi nilipoketi kando ya kitanda.

"Mbona uko chini?" Mama Furaha akauliza kwa sauti nyembamba. "Umeangusha kitu?"

"Nimekosa, mama. Kosa lako silijui, na sikuwa na haki ya kuliuliza. Nilikuambia jambo nusu." Nikamsimulia hadithi yote, na kambi iliyosubiri.

Mama Furaha akauliza, "Siku saba? Wote?"

"Wote."

Akalia. Alipomaliza akanyoosha mkono. "Basi nipe maji, nisiwacheleweshe watu."

Akameza vidonge vyake. Kesho yake nilimsindikiza kliniki kueleza siku zile alizoruka, na nesi akatukaripia sote wawili, mimi zaidi. Leo amepona, anasuka tena.

Basi mwanangu, usiingie kwa mgonjwa na jibu. Usimtafutie kosa, homa humfanya mtu akubali lolote. Soma hadithi hadi mwisho, uone aliyemwombea na waliomsubiri. Keti chini, muulize kama amekula, kama amemeza dawa. Omba kwa ufupi. Na ukikosea, kama utakavyokosea, rudi siku hiyo hiyo ukaseme.

Mungu akupe magoti yasiyochoka kukunjwa na masikio marefu kuliko ulimi. Na siku utakapolala wewe, akuletee watu wasioondoka mpaka unyanyuke.