Mligombania synthetic na oil ya kawaida, gari la dada yangu likaanza kusaga gia

Wakuu, za humu ndani.

Leo sina salamu ndefu, nimekasirika. Ninayoandika hapa ni kweli tupu, na baadhi yenu mmo, kwa hiyo msijifiche nyuma ya avatar.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa ndani. Mke wangu anasema siku nikifa nitazikwa na sofa, maana hakuna atakayeweza kututenganisha. Hapa Hodge Hill, Birmingham, safari zangu ni kazini, buchani, nyumbani. Shule niliishia form four. Magari nayajua kwa kuyapanda.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta gari la milimani.

Dada yangu Mwanaidi yuko Lukozi, kule juu Lushoto. Analima kabichi na karoti, na mzigo anaushusha mwenyewe mpaka Mombo. Pick-up yake ikafa. Wenye magari ya kukodi wakajua amekwama, wakawa wanakuja wanapojisikia, kabichi zinanyauka barabarani.

Akaniambia kwenye simu: "Mdogo wangu, nitafutie gari linalopanda. Sitaki la urembo. Mvua zikianza halijafika, msimu huu ndiyo basi tena."

Nikapata four-wheel ya Kijapani, dizeli, gia za mkono. Kuukuu, lakini chini halina kutu. Nafasi ya meli nayo ikapatikana. Likabaki jambo moja tu, kubadilisha oil ya gia, maana iliyokuwemo ilikuwa nyeusi kama kahawa ya msibani.

Hapo ndipo nikaja humu kuuliza kiungwana: wakuu, synthetic, ile ya maabara, au ya kawaida?

Wallahi nilidhani nimeuliza habari ya oil. Kumbe nimeitisha uchaguzi mkuu.

Kambi ya synthetic: "Mkuu acha ubahili, uko Ulaya halafu unaweka oil ya kijijini?"

Kambi ya kawaida: "Synthetic ni wizi wa wazungu, itavujia kwenye sili zote. Gari kuukuu linataka oil nzito!"

Jamaa mmoja wa Canada akaandika maelezo marefu ya jinsi oil inavyoganda kwenye baridi, mpaka nikainuka kuvaa sweta. Gari lenyewe linakwenda Tanga, lakini nikavaa sweta. Wengine wawili wakatukanana mpaka mods, wasimamizi wa jukwaa, wakaingia.

Na mimi, niseme ukweli, nilinogewa. Kila jioni nafungua kompyuta kuona nani kamjibu nani.

Mke wangu akauliza: "Baba Rukia, gari limeshaondoka?"

"Bado. Tunajadili oil."

"Mnajadili na nani?"

"Na wakuu."

Binti yetu Rukia, bila hata kuinua macho: "Dad, it's a car. It's not a wedding."

Mwisho kambi ya synthetic ikashinda kwa kelele. Nikaenda garage moja Stechford, ya Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Kiswahili chake cha Kenya kina vumbi kidogo lakini kinatembea. Nikaingia kifua mbele kama mtu aliyezaliwa chini ya gari. "Niwekee full synthetic," nikamwambia.

"Ah! Wewe najua gari, bana! Mimi iko na synthetic namba moja."

Nikavimba kichwa. Mtu wa sofa kasifiwa na fundi!

Stechford na kwangu ni pua na mdomo. Lakini kabla sijafika, gia ya tatu ikalia krrrr. Nikarudisha ya pili, nayo krrrr. Gari hilo hilo asubuhi gia zilikuwa zinaingia kama kijiko kwenye uji.

Nikampigia fundi. "Oil mpya hiyo, wacha izoee."

Izoee! Ni oil au ni bibi harusi?

Nikakimbilia humu tena. Mlinisaidia? Kambi ya kawaida walipiga vigelegele: "Tulikwambia!" Kambi ya synthetic: "Umeuziwa fake." Gari la dada yangu linaumia, ninyi mnahesabu magoli.

Mtu mmoja tu, dada wa Arusha mwenye avatar ya paka, ndiye aliyeuliza: "Kaka, hiyo oil imewekwa wapi? Kwenye gearbox, kwenye difu, au kote?"

Nikatoka nje. Fundi alikuwa ameniachia kopo lililobaki nyuma ya gari, kama zawadi. Nikalisoma. Oil ya difu, lile boga la gia katikati ya ekseli. Na kwenye risiti ni hiyo hiyo moja, gearbox na difu.

Yule dada akanieleza taratibu. Oil ile ya difu ina dawa kali na inateleza sana, na kwenye difu hapo ndipo mahali pake. Lakini gearbox ya gari kama hili ina pete za shaba ambazo lazima zishike ndipo gia iingie kwa amani. Ukizimwagia oil ile zinateleza, gia zinasagana, na ukiiacha muda mrefu ile dawa inaweza kuila shaba yenyewe. Synthetic au ya kawaida ni habari nyingine kabisa. Kuna synthetic ya gearbox, na kuna ya kawaida ya difu.

Yaani wakuu, tuligombania kitambaa cha suruali kurasa na kurasa, na hakuna aliyempima mtu kiuno!

Nikarudi garage na kopo mkononi.

"Si wewe ulisema synthetic? Mimi nimekupa synthetic."

"Nilisema synthetic. Sikusema umwage ya difu kwenye gearbox."

"Gia ni gia, bana. Kama hutaki, kuja next week. Kazi iko mingi."

Wiki ijayo gari linatakiwa liwe bandarini. Nikaona kabichi za dada yangu zinanyauka.

Sasa mimi kupigana siwezi. Kiingereza changu cha hasira nacho huniishia mapema. Lakini kuna kazi moja ambayo hakuna mtu Birmingham nzima ananishinda: kukaa.

Nilikwenda nyumbani nikachukua thermos ya chai, chapati na mto wa sofa. Nikarudi, nikauweka mto kwenye kiti cha wateja pale mlangoni, nikakaa.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Nimesema next week!"

"Sawa. Nitasubiri."

Akaingia mama wa Kizungu, akaniuliza nasubiri nini. Nikamweleza polepole habari ya oil ya difu kwenye gearbox ya dada yangu. Mama akaguna. Baadaye akaja Mkongo: "Papa, huyu fundi iko muzuri?" Nikasogeza thermos. "Kaa kwanza, ndugu yangu, nikusimulie." Mkongo akanitazama, akautazama mto, akawasha gari lake akaondoka.

Fundi akatoka anafuta mikono. "Wewe mtu, wewe iko na nyumba kweli?"

"Ninayo. Na huwa sitoki. Leo nimetoka."

Akalipandisha gari. Akamwaga ile oil yote iliyokuwa kwenye gearbox, akaweka ya gearbox, ya kawaida, ambayo hata Lushoto inapatikana. Kopo nililisoma mbele na nyuma kabla hajalifungua. Kurudi nyumbani, gia ya tatu kimya.

Gari likafika, na mvua zikalikuta Lukozi. Nikanunua kadi ya simu, nikampigia dada. Nikasikia mvua inagonga bati.

"Limepanda na mzigo, mdogo wangu. Gia laini. Ila mbona mlichelewa kulituma?"

"Tulikuwa tunajadili oil."

"Mnajadili oil ya gari langu, na hakuna aliyenipigia mimi?"

Nikamwambia kadi inaisha. Kadi ilikuwa haijatumika hata nusu.

Basi wakuu, somo ndilo hilo, nami limenichoma kama lilivyowachoma ninyi. Changieni. Ila anayetaka kuandika "synthetic" au "ya kawaida" aanze kwa kuuliza: inaingia wapi, na gari ni la nani?

Asiyeuliza anitumie anuani yake. Nitakuja kukaa. Mto ninao.