Koo la Kengele

Sokoni walimwita Kengele, na jina hilo alilipata kwa haki. Akinadi mitumba, sauti yake ilifika hadi kwa wauza ndoo upande wa pili, na mpita njia mwenye haraka zake alijikuta amenunua koti asilolihitaji. Sauti ilipoanza kukwaruza, alidhani ni vumbi la marobota. Alitafuna tangawizi miezi mizima, mpaka mkewe alipomkokota hospitali.

Daktari, mwanamke mpole asiyependa kuzunguka mbuyu, aliwaambia ni saratani ya koo. Akawaeleza kwamba seli za mwili hungoja amri ndipo zigawanyike. Hizi zilikuwa zikipokea amri bila kukoma, ndiyo maana uvimbe ulikua. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutoa kisanduku cha sauti chote. Hiyo ndiyo yenye uhakika zaidi, lakini angepumulia tundu la shingoni na sauti yake ndiyo kwaheri. Ya pili ni mionzi, pamoja na dawa ya dripu inayoziba pale amri inapoingilia kwenye seli. Sauti ingeweza kubaki. Ugonjwa nao ungeweza kurudi.

"Tuamue pamoja," daktari akasema. "Kipi unakiogopa zaidi?"

Kengele alichukia. Njiani alilalamika kwamba amekwenda kutibiwa, si kufanyiwa mtihani.

"Mimi nataka mume," mkewe akamwambia walipofika nyumbani. "Kengele nitanunua dukani."

Walicheka, kisha kicheko kikawakauka.

"Na mama je?" akauliza Kengele. "Atanijua kwa kitu gani?"

Mama yake alikuwa kipofu. Aliishi nao, chumba cha uani, na kila jioni mwanawe alimsimulia vituko vya sokoni.

Waliporudi hospitali, daktari aliwasikiliza wote wawili, akarudia hatari zote, wala hakumsukuma. Kengele akachagua mionzi na dawa. Mkewe alikubali shingo upande. Mama hawakumwambia kitu, wakihofia kumpandisha presha.

Dawa ilimjaza vipele usoni, na mionzi ikamuunguza koo hata uji ukawa haupiti. Baadaye sauti ilitengemaa, nzito kidogo, akarudi kunadi. Lakini mwaka uliofuata uvimbe ulirudi, na safari hii njia ilibaki moja. Jioni ya kuamkia upasuaji alikaa na mama akitaka kumwambia. Akaishia kumsimulia habari za mteja aliyenunua viatu, vyote viwili vya kushoto.

Alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja chumba cha uani, mkewe nyuma yake. Mama alisikia pumzi ngeni mlangoni.

"Nani huyo?"

Kengele alifungua mdomo. Hewa ikatokea shingoni. Akapiga magoti, akauchukua mkono wa mama, akauweka shavuni pake. Mama akapapasa shavu, kidevu, shingo. Vidole vikafika kwenye tundu, vikasimama.

"Mbona hasemi?"

Mkewe akaketi kitandani akamweleza yote, tangu siku ya kwanza.

"Kumbe mliulizana, mimi mkaniacha," mama akasema. "Mimi nisingekubali mngoje kumpasua. Ningezoea kumjua kwa mkono wake."

Siku nyingi mama alimnunia mkwewe kwa kumficha. Kengele akashinda kati yao wawili, hana hata neno la kuwapatanisha.